Kredo, Bando na Ugenini: Msamiati wa Simu za Bei Nafuu Jijini Nairobi

Tangu simu za mkononi zilipoanza kuenea nchini Kenya mwaka 2000, wataalamu wa lugha wameshughulika zaidi na jina la chombo chenyewe. Je, kiitwe simu ya mkononi, simutamba, au rununu, neno ambalo shule za Kenya zimelishika kwa nguvu kuliko soko? Mjadala huo una manufaa yake, lakini umepita kando ya jambo linalomgusa mwananchi mfukoni. Mkazi wa Kangemi au Kawangware hanunui chombo kila siku. Anachonunua kila siku ni dakika, ujumbe na data, na vitu hivyo huuzwa kwa majina yake maalumu. Makala haya yanakusudia kuyachunguza majina hayo, na kuonyesha kwamba kupata simu ya bei nafuu jijini Nairobi, iwe ya nyumbani au ya safarini, ni kazi ya kusoma lugha kabla ya kuwa kazi ya hesabu.

Maneno ya kibandani

Atokaye kituo cha Kencom akafuata Barabara ya Tom Mboya hadi Luthuli hupita vibanda vya simu visivyohesabika, na akipanda matatu nambari 46 kwenda Kawangware atavikuta vingine huko aendako. Mazungumzo ya aina hii husikika kote:

— Mama, niuzie kredo ya hamsini.
— Ya Safaricom ama ya Airtel?
— Ya Safaricom. Na kama huna kadi, nisambazie tu.

Neno kredo limetoholewa kutoka Kiingereza, na kule lilikotoka lina maana ya deni au imani anayopewa mkopaji. Hapa maana imegeuka juu chini. Mnunuzi hulipa kwanza, ndipo akapata huduma baadaye. Kwa hiyo mwenye kudai ni mteja, na mdaiwa ni kampuni. Tanzania wamechagua njia nyingine: kadi ni vocha, na kilichobaki ndani ya simu ni salio, neno la wahasibu ambalo lilikuwapo kabla ya simu hizi na ambalo halimdanganyi mtu.

Kitenzi sambaza kina historia fupi na ya kuvutia. Kwa asili ni kauli ya kusababisha ya sambaa, na yambwa yake ya kawaida ilikuwa habari, mbegu au ugonjwa, yaani vitu vinavyotawanyika kwenda kwa wengi. Mwaka 2005 Safaricom ililifanya neno hili kuwa jina la huduma ya kumhamishia mtu mwingine muda wa maongezi. Tangu hapo nisambazie mia imekuwa sentensi kamili yenye mpokeaji mmoja tu, na maana ya kutawanya imefifia. Kuhusu bamba, jina la kadi za kukwaruza, wapo watakaolihusisha na maana ya Sheng ya kupendeza, na wapo watakaoona bamba la kadi jembamba lenyewe. Haielekei kwamba swali hilo litaamuliwa. Lililo muhimu ni kwamba kadi za Bamba zilishuka hadi shilingi 50, kisha 20 na chini yake, na kwa hivyo zikamfikia mtu ambaye hapo awali hakuwa mteja.

Kabla ya hapo unafuu ulikuwa katika namna ya kuhesabu. Mwaka 2000 Safaricom ilitoza kwa sekunde wakati mshindani wake Kencell akitoza kwa dakika. Anayesema kwa sekunde kumi akakata alilipa sehemu ndogo kwa mmoja na dakika nzima kwa mwingine. Wasiokuwa hata na hizo sekunde kumi walibuni kuflashi, ambako Tanzania ni kubipu: simu inayokatwa kabla haijapokewa, ambayo ujumbe wake wote ni “nipigie wewe”. Isimu bado haijaitendea haki lugha hii isiyo na maneno. Kampuni ziliitambua mapema zaidi, zikaigeuza kuwa ujumbe wa bure wa kumwomba mtu apige.

Vitenzi vya ukarimu

Ukiyatazama majina ya huduma hizi kwa pamoja, utaona kwamba mengi ni vitenzi vya kutendeana wema: kusambaza, kuokoa, kutunuku. Hapa ndipo msomaji wa lugha anapotakiwa kuwa macho.

Okoa Jahazi ni mfano ulio wazi. Msemo wa kuokoa jahazi ulikuwapo katika Kiswahili kabla ya simu. Husemwa pale jambo linapokaribia kuharibika akatokea wa kulinusuru. Huduma yenye jina hili ni mkopo wa kredo. Ada yake ni asilimia 10, nayo hukatwa kabla mkopaji hajapokea chochote. Aombaye shilingi 50 hupokea 45 na kudaiwa 50. Ukipima kwa kile alichokipata hasa, ada ni zaidi ya asilimia 11, wala si 10. Anayeokolewa hivyo mara kumi kwa mwezi atalipa shilingi 500 kwa kredo ya 450. Kiasi hicho ni kidogo kwa mkazi wa Lavington, lakini si yeye anayeishiwa na kredo katikati ya mazungumzo. Mwenye kukopa ni yule anayenunua ya shilingi kumi kumi. Kama huduma hii ingeitwa Kopa Kredo, isingepungukiwa na chochote ila haiba, na pengine haiba hiyo ndiyo ada yenyewe.

Tunukiwa ni kauli ya kutendwa ya tunuku. Anayetunukiwa hupewa: mwanafunzi hutunukiwa shahada, askari nishani. Vifurushi vilivyouzwa kwa jina hili vilipangwa kwa kadiri ya matumizi ya kila mteja, na mara nyingi vilikuwa na nafuu ya kweli. Hata hivyo vililipiwa. Jina lilimweka mnunuzi katika nafasi ya mpokea zawadi, na mpokea zawadi, kwa adabu za watu wetu, haulizi bei wala hapimi uzito.

Haya si mashtaka ya udanganyifu. Biashara yoyote hujipamba, na yafaa kukiri kwamba kampuni za simu zimekipa Kiswahili nafasi katika matangazo ambayo benki nyingi hazikuwahi kukipa. Majina kama Jambo, Taifa, Ongea na Uwezo, ambayo yote yalikuwa ya viwango vya Safaricom kwa nyakati mbalimbali, yalisikika redioni mara nyingi kuliko istilahi yoyote iliyosanifiwa. Hoja ni kwamba jina liko kwa Kiswahili na masharti kwa kawaida yako kwa Kiingereza cha mawakili. Menyu ya M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, husomeka kwa Kiswahili pia, na hilo laonyesha kwamba kikwazo si uwezo wa lugha.

Bando ni nini hasa?

Bando limetoholewa kutoka Kiingereza, na Tanzania wana kifurushi, yaani furushi dogo. Maneno yote mawili huleta picha ya mzigo uliofungwa. Mzigo uliofungwa, kwa fikira za kawaida, hubaki vile ulivyo mpaka mwenyewe aufungue. Bando la simu haliko hivyo, huyeyuka. Kwa muda mrefu katika miaka ya 2020 Safaricom iliuza GB 1 ya saa moja kwa shilingi 19, na GB 1 hiyohiyo ya saa 24 kwa shilingi 99. Kiasi ni kimoja na bei imezidi mara tano. Tofauti yote iko katika muda, ambao jina halitaji kabisa. Kwa hiyo kinachouzwa si furushi, bali ni kibali cha kutumia kitu kabla ya saa fulani.

Akilielewa hilo, mnunuzi huacha kuuliza bando gani ni rahisi, akaanza kuuliza ni rahisi kwa nani. Mwanafunzi wa Kangemi anayetaka kupakua mihadhara yote kwa mkupuo atafaidika na saa moja ya shilingi 19. Mama muuza mboga ambaye wateja humletea oda kwa WhatsApp tangu asubuhi hadi jioni atumia data chache mno, lakini azitumia siku nzima. Kwake saa moja haina maana, na hata akinunua mara sita, atalipa shilingi 114 na bado saa nyingine za siku zitabaki tupu. Kinachomfaa ni data isiyo na ukomo wa muda, ambayo Safaricom ilianza kuiuza Oktoba 2019, katika mwaka ambao malalamiko kuhusu data inayoisha muda yalifikishwa na wakili mmoja mbele ya baraza la rufaa la mawasiliano. Kwa kila MB, data hiyo ni ghali kuliko ya saa moja. Kwa matumizi yake yeye, ni nafuu.

Neno la Tanzania muda wa maongezi linastahili sifa hapa, kwa sababu limetaja muda waziwazi. Bahati mbaya linataja muda wa kuongea, si muda wa kuisha.

Ipo pia bei isiyoonekana katika bando lolote. Mtandao mmoja unapopokea simu kutoka mwingine, hulipwa ada. Ada hiyo ilishushwa kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21 mwaka 2010, ikafika 0.99 mwaka 2014, 0.58 Agosti 2022, na 0.41 Machi 2024. Mara tu baada ya punguzo la kwanza, Agosti 2010, Zain ilitangaza shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote, na vita vya bei vikaanza. Zain hiyohiyo ilikuwa na kiwango kilichoitwa Vuka, neno moja lililoeleza huduma barabara: kuvuka kutoka mtandao hadi mtandao. Ushuru nao umepanda na kushuka: wa bidhaa ulitoka asilimia 10 hadi 15 mwaka 2018, ukawa 20 mwaka 2021, ukarudi 15 mwaka 2023, mbali na kodi ya ongezeko la thamani. Ndiyo maana wakazi wengi wa Nairobi hutembea na laini mbili katika simu moja. Tangu Aprili 2011 mtu aweza kuhama mtandao bila kubadili nambari, lakini kuongeza laini kumewavutia watu zaidi kuliko kuhama.

Simu ugenini

Abiria wa mabasi ya Kampala na Arusha yanayoondoka katikati ya jiji hukutana na tatizo jingine. Wakivuka Busia au Namanga, laini ya nyumbani hushikwa na mtandao wa kigeni, na bei hubadilika. Hali hiyo haina jina la Kiswahili lililokubalika. Watu husema romingi. Kutafsiri neno kwa neno kungetupa kuzurura, na uzururaji ni jina la kosa: hakuna anayetaka simu yake ishtakiwe. Celtel ilipoziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2006, mteja akawa anapiga kwa bei ya wenyeji na kupokea bure, huduma hiyo ilipewa jina la Kiingereza, ingawa nchi zote tatu zina Kiswahili. Ni ajabu kidogo.

Oktoba 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuondoa ada za ziada kwa simu baina yao. Tanzania haikuwamo hapo mwanzo. Kwa hiyo msafiri kutoka Nairobi alipata nafuu Kampala kuliko Arusha, ingawa Arusha iko karibu zaidi. Umoja wa Ulaya ulichukua hatua ya namna hiyo Juni 2017, kwa kanuni iliyo nyepesi kueleza: tumia kama nyumbani.

Hapo ndipo Kiswahili kinapojikuta kina neno tayari. Watangazaji wa kandanda wamekwisha kuzoesha umma nyumbani na ugenini. Ada ya ugenini, data ya ugenini, kupokea ugenini: hakuna mchuuzi wa kibandani atakayehitaji kuelezwa maana. Msafiri mwenye neno hilo ataweza kuuliza mambo matatu kabla hajapanda basi: kupokea simu ugenini ni bure au la, bando la nyumbani linafanya kazi ugenini au la, na ni siku ngapi ndipo iwe nafuu kununua laini ya huko, ambayo itabidi isajiliwe kwa pasipoti au kitambulisho. Kwa siku mbili Kampala, laini ya nyumbani yaweza kutosha. Kwa mwezi mmoja Arusha, laini ya Tanzania itamfaa zaidi, na ile ya Kenya ibaki kwa kupokea ujumbe.

Haki ya kuelezwa

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, mwezi uleule wa vita vya bei, inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mlaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Vifungu hivi viwili havijasomwa pamoja vya kutosha. Makao ya Safaricom na ya Mamlaka ya Mawasiliano yako kwenye barabara moja ya Waiyaki, na idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya jiji haziko mbali. Kuandaa orodha fupi ya istilahi za masharti, si za majina, kungekuwa kazi ya miezi michache: kiasi, ukomo, ada, mtandao mwingine, ugenini.

Tatizo gumu katika kazi hiyo halitakuwa istilahi, bali saa. Ujumbe unaosema bando litaisha saa 2:00 usiku, ukisomwa na aliyezoea saa ya Kiingereza, waweza kumaanisha saa nane za usiku; kwa Mswahili ni mwanzo wa usiku, muda mfupi baada ya chakula. Tofauti ni saa sita nzima za data iliyokwisha kulipiwa. Vyombo vya habari vya Kiswahili vimelitatua kwa kushika saa ya Kiswahili bila kuyumba. Simu, ambazo huonyesha 20:00 kwenye kioo, bado hazijaamua.