Ubani, unsi na mafuta ya harufu msimu wa Hagai: furahia manukato, linda pumzi ya mtoto

Kuanzia Juni hadi Septemba jua la Garissa hupunguza makali yake. Ni msimu wa Hagai: mawingu asubuhi, upepo wa kusi unaopeperusha vumbi, na usiku wa ubaridi unaofanya watu wafunge madirisha mapema. Mkazi wa Limuru au Nyahururu angetucheka tukiuita huu baridi. Lakini kwa mwili uliozoea joto la Machi, na hasa kwa mtoto mchanga, mabadiliko hayo si madogo. Mafua na kikohozi huingia nyumbani, na dabqaad hutolewa ndani ya kabati.

Kuna familia zinazofukiza unsi kila jioni, na nyingine jioni ya kuamkia Ijumaa. Siku hizi pia kuna chupa ndogo za mafuta ya mkaratusi, karafuu na ubani zinazouzwa madukani na sokoni, zikisifiwa kwamba zinatibu kila kitu, kuanzia mafua hadi nimonia. Wakazi wengi wanataka kujua kama vitu hivi vinafaa, na vitumike vipi. Jibu fupi ni hili: harufu ina nafasi yake nyumbani, lakini moshi katika chumba kilichofungwa ni hatari, na hakuna manukato yanayotibu nimonia.

Utajiri unaotoka kwenye miti yetu

Ubani, manemane na hagar ni utomvu wa miti inayoota katika nchi kavu kutoka Garissa na Wajir hadi Mandera, Isiolo na Marsabit. Gome linapojeruhiwa, iwe ni kwa wadudu au kwa kisu, mti hutoa utomvu ili kuziba kidonda. Utomvu huo hukauka ukawa tonge, na wafugaji huuokota wakiwa malishoni, hasa wakati wa kiangazi. Ubani wa Kenya hutoka kwenye mti unaoitwa kitaalamu Boswellia neglecta. Manemane, ambayo Wasomali huiita malmal, hutoka kwenye Commiphora myrrha. Hagar hutoka kwenye Commiphora holtziana, na wafugaji wameitumia tangu zamani kufukuza kupe kwenye mifugo.

Mafuta ya harufu hupatikana kwa kupitisha mvuke wa maji ya moto kwenye utomvu, majani au maua. Mvuke hubeba harufu, kisha hupozwa, na mafuta hujitenga na maji. Kisiwani Pemba, kiwanda cha Wawi hutumia njia hiyo kukamua mafuta kwenye makonyo ya karafuu. Kwa kuwa mmea mwingi hutoa mafuta kidogo tu, tone moja lina nguvu nyingi. Haya si sawa na mafuta ya simsim, nazi au habasoda, ambayo hukamuliwa kwenye mbegu au tunda na mengi hutumika jikoni.

Yanasaidia nini?

Harufu nzuri hutuliza, huondoa uvundo na humfanya mgonjwa ahisi nafuu. Mkaratusi na mnanaa humpa mtu mzima aliyezibwa pua hisia kwamba pua imefunguka. Hiyo ni faida, lakini ni ya kumpunguzia usumbufu tu. Haiui virusi vya mafua wala haiondoi maambukizi yaliyoingia mapafuni. Anayekuuzia chupa kwa madai hayo anakuuzia ahadi.

Moshi ni moshi, hata ukinukia

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kuvuta moshi huo karibu kunaongeza maradufu hatari ya kupata nimonia. Pua ya mtoto haitofautishi moshi wa kuni na moshi wa unsi. Chembe zote mbili huingia mapafuni.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea mwili, na aliyelala huenda asiamke tena. Wengi huamini kwamba makaa yakishakuwa mekundu na kuacha kutoa moshi huwa salama. Si kweli: makaa mekundu bado yanatoa hewa hiyo, na harufu ya ubani haiipunguzi.

Hili ni muhimu zaidi katika siku za afartanbah, yaani siku 40 baada ya kujifungua. Ni mila nzuri: mama anapumzika, analishwa vyema, na shangazi na majirani wanamsaidia kazi. Lakini pale ambapo chumba hufungwa na dabqaad kuachwa ikifuka usiku na mchana, kiumbe mwenye mapafu madogo kuliko wote nyumbani ndiye anayevuta moshi mwingi kuliko wote. Mila inaweza kuendelea kwa utaratibu huu:

1. Washa makaa nje, na uyalete ndani mama na mtoto wakiwa chumba kingine au barazani.
2. Fukiza kwa dakika chache tu, mlango na madirisha yakiwa wazi.
3. Toa dabqaad nje, kisha subiri moshi wote uondoke kabla ya mama na mtoto kurudi.
4. Nguo, shuka na shela zifukizwe nje. Zitaleta harufu chumbani bila moshi.
5. Usilale na makaa ndani, hata kama usiku ni wa baridi. Ongeza blanketi.
6. Katika herio, ambako mikeka na vitambaa hushika moto haraka, fukizia nje kabisa na uzime makaa kwa maji au mchanga.

Mwenye pumu akae mbali na moshi wowote, wa unsi, udi au sigara.

Kujifukiza kwa mvuke wa maji moto nako kunahitaji uangalifu. Usimfunike mtoto kwa shuka juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Sufuria ikipinduka, mafua yaliyokuwa yapone kwa siku chache yanageuka kuwa jeraha la moto la miezi.

Chupa ndogo, nguvu kubwa

Usinywe mafuta ya harufu, na usimnyweshe mtoto hata kidogo. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumfanya mtoto mdogo apoteze fahamu. Kafuri na mafuta ya karafuu pia ni hatari yakimezwa na mtoto. Akimeza, usimlazimishe kutapika, kwa sababu mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Usipake mafuta yenyewe moja kwa moja kwenye ngozi. Kwa mtu mzima, changanya tone 1 katika kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya simsim au nazi. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono na usubiri siku moja. Ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu, acha.

Usimtie mtoto mafuta haya puani, na usimpake usoni wala kifuani akiwa chini ya miaka miwili. Harufu kali inaweza kubana njia zake za hewa. Mama mjamzito, mwenye pumu na mwenye kifafa waulize kliniki kwanza.

Hifadhi chupa juu, mahali palipofungwa, mbali na jiko, kwa kuwa mafuta haya hushika moto. Usiyahamishie kwenye chupa ya soda. Kumbuka pia kwamba atari ni ya kujipaka ili kunukia. Si dawa, na isitiwe kwenye maji ya kujifukiza.

Hesabu pumzi

Mtoto akikohoa, jambo la maana zaidi halipo kwenye chupa wala kwenye chetezo. Ni kifua chake. Mfunue nguo akiwa ametulia, tazama kifua kinavyopanda na kushuka, na uhesabu kwa dakika moja kamili ukitumia saa ya simu. Anapumua haraka kupita kiasi ikiwa idadi ni:

• pumzi 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
• pumzi 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
• pumzi 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5.

Ukifikia idadi hiyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje kesho, na usingoje kuona kama unsi utasaidia. Mkimbize hata bila kuhesabu ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au analala kupita kawaida na ni vigumu kumwamsha. Nimonia inayosababishwa na bakteria hutibiwa kwa antibiotiki, na mtoto aliyefikishwa mapema ana nafasi kubwa ya kupona.

Kwa mafua ya kawaida, endelea kumnyonyesha, mpe vinywaji mara kwa mara na mkinge na vumbi. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja anaweza kupewa asali kidogo kutuliza kikohozi. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Kinga nayo ipo. Chanjo ya nimokoko, mojawapo ya vijidudu vinavyosababisha nimonia, iliingizwa katika ratiba ya taifa mwaka wa 2011 na hutolewa bila malipo mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Angalia kijitabu cha kliniki leo. Ikiwa dozi imeruka, iwe uko Garissa mjini, Balambala, Lagdera, Dadaab, Fafi, Ijara au Hulugho, nenda kwenye kituo kilicho karibu au mwulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako.

Unsi utaendelea kunukia katika nyumba zetu, kama ulivyonukia katika nyumba za mabibi zetu. Fungua dirisha kwanza, toa mtoto nje, kisha fukiza.