Piloti wa Moteri Mbili, wa Majini, Tena Mwalimu: Anadaiwa Nini?

Mtoto anayekomaa Majengo anajua ndege mbele ya kujua kusoma. Kiwanja cha ndege cha Goma kiko jirani, na kwa miaka mingi Antonov na Let 410 zilipita juu ya mabati yetu, mpaka vita vya Januari 2025 viliposimamisha safari za kawaida. Upande mwingine wa mji kuna ziwa Kivu. Basi vijana wanauliza: "Piloti anaweza kutua hata juu ya maji? Na nikisha kupata leseni, nitaongoza ndege yoyote?"

Wasomaji wapendwa, jibu la ulizo la pili ni hapana. Wazazi wanaoombwa pesa za masomo hayo wanafaa kujua juu ya nini.

LESENI SI UFUNGUO WA NDEGE ZOTE

Katika machimbo yetu, anayejua kupiga sururu hapewi baruti kwa sababu ana mikono yenye nguvu. Hatari mpya inadai masomo mapya. Katika ndege ni vilevile.

Kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zinagawa ndege ndogo katika madarasa manne: moteri moja ya nchi kavu, moteri moja ya majini, moteri nyingi za nchi kavu, na moteri nyingi za majini. Kila darasa lina kibali chake kinachoandikwa ndani ya leseni. Kwetu Kongo, kazi hiyo iko mikononi mwa Autorité de l'Aviation Civile, yaani AAC.

Kwanza leseni yenyewe. Kwa leseni ya mtu binafsi, ICAO inadai umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka. Ili ulipwe mshahara, unahitaji leseni ya biashara: miaka 18, saa 200 (au 150 katika shule iliyokubaliwa), tena kupimwa na daktari kwa ukali zaidi.

MOTERI MBILI: RAHA NA HATARI

Wengi wanafikiri moteri mbili ni usalama mara mbili. Sivyo kabisa. Moteri moja ikizimika, ile inayobaki inasukuma upande mmoja tu, na ndege inageuka kuelekea upande uliokufa. Piloti anaizuia kwa mguu, akikanyaga usukani wa mkia. Lakini mwendo ukipungua chini ya kipimo fulani, mguu hautoshi tena: ndege inapinduka. Kipimo hicho kimechorwa kwa mstari mwekundu kwenye saa ya mwendo. Mwanafunzi analazimishwa kufanya zoezi hilo mara nyingi, mpaka mguu wenyewe ujue kazi yake.

Goma inajua uchungu wa ndege. Tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 ilipita mwisho wa kiwanja ikaingia Birere. Tarehe 24 Novemba 2019 Dornier 228 ya moteri mbili ilianguka Mapendo, muda mfupi kisha kuruka. Hatusemi hapa kosa lilikuwa la nani. Tunasema tu kwamba watu walio chini nao wana haki katika masomo ya piloti.

JUU YA MAJI HAKUNA FREN

Ndege ya majini haina fren. Ukizima moteri, upepo unakuchukua, na pua ya ndege inapenda kugeukia kule upepo unakotoka. Mwenye moteri mbili ana faida: anaongeza nguvu upande mmoja ili ageuke. Hatari nyingine ni maji matulivu kama kioo. Macho hayawezi kupima urefu, kwa hiyo piloti anashuka polepole kwa mwendo uleule mpaka maji yenyewe yamguse. Tena ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi: hewa ni nyepesi, moteri za kawaida zinapungua nguvu, na ndege inahitaji nafasi ndefu zaidi ili iruke.

Kongo ilishaona jambo hili. Machi 1939 ndege ya majini ya Imperial Airways, jina lake Corsair, ilitoka Port Bell huko Uganda kwenda Juba. Ilipotea njia, mafuta yakakaribia kwisha, ikashuka kwenye mto Dungu karibu na Faradje. Wote waliokuwa ndani walipona, lakini jiwe lilipasua tumbo la ndege. Iliruka tena Januari 1940 tu, kisha watu kujenga ukuta wa kuzuia mto ili maji yaongezeke. Moteri zake nne hazikuishinda jiwe moja ndani ya maji.

NA MWALIMU JE?

Tuchukue mfano wa Marekani. Mwenye leseni ya ndege anayeongeza kibali cha moteri nyingi za majini hapewi hesabu ya saa. Anafundishwa mpaka mwalimu atie sahihi kwamba yuko tayari, halafu anapimwa ndani ya ndege yenyewe.

Lakini anayetaka kufundisha anadaiwa zaidi: miaka 18, leseni ya biashara pamoja na kibali cha kuruka kwa vyombo bila kuona nje, mitihani ya kuandika (mmoja wao juu ya namna mtu anavyojifunza), na mtihani wa kuruka. Ili afundishe moteri mbili, lazima awe ameongoza aina ileile ya ndege saa 5. Ukali huu una sababu. Kosa la piloti linakaa naye. Kosa la mwalimu linaenda na kila mwanafunzi wake.

MBELE YA KUTOA PESA

Kijana, tia nguvu katika hesabu, fizikia na Kiingereza. Tangu Machi 2008, piloti wa safari za kimataifa anadaiwa Kiingereza cha daraja la 4 la ICAO. Nenda kwa daktari wa ndege kwanza, kwa maana macho au masikio yanaweza kufunga njia. Mzazi, uliza kama shule inakubaliwa na AAC, na uone kibali cha mwalimu kwa macho yako. Anayekuahidi karatasi zote kwa miezi michache bila saa za kuruka, huyo anauza karatasi tu. Ndege haisomi karatasi.