Profesa Aliyepima Muda kwa Kioo

Watu wakisikia "mkemia" hufikiria mtu anayechanganya dawa kwenye chupa. Wapo wa namna hiyo. Lakini yupo mwenzao wa kemia ya fizikia, ambaye mara nyingi hana hata cha kukoroga: kazi yake ni kupima, na vyombo vyake ni leza, vioo na hesabu.

Ahmed Zewail alikuwa wa kundi hilo. Alizaliwa Damanhur, Misri, mwaka 1946, akasoma Chuo Kikuu cha Alexandria hadi shahada ya uzamili, kisha akaenda Marekani na kupata uzamivu Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1974. Baada ya kupitia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliajiriwa Taasisi ya Teknolojia ya California (Caltech) mwaka 1976 akiwa profesa msaidizi. Ngazi hiyo haina huruma: unapewa miaka michache uonyeshe unachoweza, ukishindwa unafungasha virago. Yeye alithibitishwa kwenye ajira ya kudumu mwaka 1978 na kufikia uprofesa kamili 1982. Wenzake walipanda ngazi, yeye alipanda lifti.

Swali lake lilikuwa rahisi kulitamka: molekuli inapovunjika, atomu huachana vipi? Wanakemia walijua kilichokuwapo kabla na kilichobaki baadaye. Katikati palikuwa giza, kwa kuwa tukio lenyewe huhesabiwa kwa femtosekunde. Gawa sekunde moja mara milioni, kisha kila kipande kigawe mara bilioni. Hiyo ndiyo femtosekunde. Hakuna saa ya kubonyeza inayofika huko.

Dawa ilikuwa kioo. Mmweko mfupi sana wa leza hugawanywa mara mbili: wa kwanza unaipiga molekuli ianze kuvunjika, wa pili unakuja kuchungulia imefikia wapi. Huo wa pili hucheleweshwa kwa kurefushiwa njia. Kwa femtosekunde moja mwanga husafiri mikromita 0.3 tu. Basi sogeza kioo nyuma mikromita 15, pungufu ya unene wa unywele. Mwanga unakwenda na kurudi, njia inaongezeka mikromita 30, nao unachelewa femtosekunde 100. Muda umegeuzwa kuwa urefu, na urefu tunaujua kuupima. Kwangu hapo ndipo penye ufundi wote. Mengine ni subira ya kurudia kipimo, kioo kikisogezwa kidogo kidogo.

Mwaka 1987 kundi lake lilifanya hivyo kwa molekuli yenye atomu za iodini, kaboni na nitrojeni. Rangi ya mmweko wa pili ilichaguliwa makusudi ili kaboni na nitrojeni, zikiwa bado pamoja, zing'ae mara tu zinapoachana na iodini. Mng'ao ulionyesha kwamba kuachana huko huchukua takribani femtosekunde 200.

Nobeli ya kemia ya mwaka 1999 alipewa peke yake, Mmisri wa kwanza kuipata katika sayansi. Magazeti yaliandika zaidi kuhusu tuzo kuliko kuhusu kioo, jambo la kawaida, ingawa ni hasara kwa msomaji.

Hakuacha uprofesa. Alifariki tarehe 2 Agosti 2016 akiwa bado profesa wa Caltech, miaka 40 tangu aajiriwe, akazikwa kwao Misri.