Mgeni Njoo: Safari ya Gari Kando ya Maziwa ya Milimani

Sisi watu wa pwani tumemzoea mgeni ajaye kwa bahari. Chombo kikitia nanga, mwenyeji huuliza habari za pepo, kisha huuliza kama mgeni ameshakula. Ni nadra kwetu kuwa upande wa pili wa methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Yaani sisi ndio tuwe wageni, bila jamaa wala mwenzi, tukiutegemea wema wa watu tusiowajua.

Katika makala haya tunawasimulia wasomaji wetu safari tuliyoifanya peke yetu, mtu mmoja ndani ya gari moja, kutoka Mombasa hadi nchi ya maziwa yaliyo juu ya milima, kusini-magharibi mwa Uganda na magharibi mwa Rwanda. Tumeyapanga tuliyoyaona kwa mafungu, ili familia inayoifikiria njia hiyo ipate faida, na ile isiyo na nia ya kusafiri ipate la kuzungumza baada ya sala ya Isha.

Njia na matayarisho

Kutoka Mombasa hadi Kabale, mji wa Uganda ulio mlangoni mwa nchi hiyo ya maziwa, ni takriban kilomita 1,500. Tuliigawa njia kwa siku nne, kwa kuwa dereva wa pekee hana wa kupokezana naye usukani. Mkenya huvuka mipaka ya Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa, na gari huhitaji bima ya kuvukia mipaka, ile iitwayo Kadi ya Manjano ya COMESA. Anayevuka kuingia Rwanda na akumbuke mambo mawili: huko gari huendeshwa upande wa kulia, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008.

Jambo la tatu ni baridi. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji ya kutawadhia alfajiri yalikuwa kama yaliyotolewa kwenye barafu, na kanzu ya pamba inayotutosha Mombasa haikufaa kitu bila ya sweta.

Bunyonyi na visiwa vyake viwili

Ziwa Bunyonyi liko mwendo mfupi tu kutoka Kabale. Jina lake maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi, na kweli sauti zao ndizo za kwanza kusikika ukungu unapoanza kuondoka. Vilima vinavyolizunguka vimelimwa matuta kutoka majini hadi kileleni, na visiwa 29 vimetawanyika katikati yake. Wataalamu wanasema ziwa hili lilizaliwa pale volkano ilipomwaga mawe ya moto yakaziba bonde, na maji yakakosa pa kupita.

Kijana aliyetuvusha kwa mtumbwi wa gogo alituonyesha visiwa viwili visivyokuwa mbali kimoja na kingine. Cha kwanza ni Bwama. Huko, mwaka 1931, daktari Mwingereza Leonard Sharp alianzisha makazi ya wagonjwa wa ukoma, wakati ambapo mwenye ukoma alikimbiwa hata na ndugu zake. Leo kisiwa hicho kina shule, na asubuhi mitumbwi huonekana ikiwapeleka wanafunzi.

Cha pili ni Akampene, kipande kidogo cha ardhi chenye nyasi, kisicho na nyumba wala kivuli cha maana. Kwa mila ya zamani ya Wakiga, msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alipelekwa pale akaachwa. Wasichana wengi hawakujua kuogelea. Wapo waliokufa kwa njaa na baridi, na wapo waliozama wakijaribu kufika ng'ambo. Aliyebahatika aliokolewa na mwanamume fakiri asiye na ng'ombe wa mahari, ambaye alimchukua akamwoa bila kulipa chochote. Mila hiyo ilikoma katika karne iliyopita.

Tulimuuliza kijana yule kama watu wa kwao wanaona haya kulisimulia jambo hili kwa wageni. Akaacha kupiga kasia, akasema, "Bibi yangu alitaka tulisimulie. Alisema wasichana wale walikuwa na majina."

Tumelifikiria sana neno hilo. Mwislamu akisikia habari za Akampene hukumbuka mara moja zama za ujahiliya, watoto wa kike walipozikwa wakiwa hai, na hushukuru kwamba dini ilikuja kulikomesha jambo hilo. Lakini tusiwe wepesi wa kuwahukumu Wakiga wa zamani. Katika mitaa yetu yako majumba ambamo binti aliyeteleza hasalimiwi tena, jina lake halitajwi, na harusi ya nduguye hupita bila ya yeye kualikwa. Nyumba hizo hazikuzungukwa na maji, lakini binti aliyemo hana pa kuvukia.

Pancha katika mlima

Kutoka Kabale hadi Kisoro ni karibu kilomita 80 za lami inayopanda na kuteremka kama nyoka. Ukifika kwenye pengo la Kanaba, milima ya Virunga husimama mbele yako: Muhabura, wenye urefu wa mita 4,127, na wenziwe. Chini yake maziwa madogo ya Mulehe na Mutanda hung'aa kama sahani zilizooshwa.

Ni katika mteremko huo ndipo tairi la nyuma lilipotoboka, na mvua ikaanza kunyesha. Msafiri wa peke yake huogopa saa kama ile, kwa kuwa hajui anayekuja anakuja kwa nia gani. Walikuja vijana watatu na mama mmoja. Vijana wakashika jeki bila ya kuombwa. Mmoja wao alipoiona namba ya gari alicheka, akatuambia kwa Kiswahili kilichonyooka, "Ndugu yangu, Changamwe bado kuna foleni?" Kumbe aliwahi kuwa utingo wa malori yanayochukua mizigo bandarini. Mombasa alimpata mtu aliyempa pa kulala wiki nzima lori lao lilipoharibika, na jina la mtu huyo halijui hadi leo.

Yule mama aliondoka kimya, tukadhani amekwenda zake. Akarudi na mbatata za kuchemsha zilizofungwa katika jani la mgomba, zikitoa mvuke. Tulipotoa pesa, vijana walizikataa. Utingo yule wa zamani akasema, "Hiyo ilikwishalipwa Mombasa."

Kiswahili cha Rubavu

Tulivuka mpaka wa Cyanika, tukapita Musanze, tukateremka hadi Rubavu, mji ambao wengi bado huuita Gisenyi. Hapo ndipo Ziwa Kivu linapoanza, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake hupita mita 470. Upande wa pili wa mpaka ni Goma, katika Kongo. Kila siku wanawake huvuka kwa miguu na mafungu ya mboga, vitunguu na samaki vichwani, na vita vya mashariki mwa Kongo vimezifanya riziki zao kuwa nyembamba.

Aliyekwenda Rubavu akidhani atakuwa bubu hupata furaha. Kiswahili kimejaa sokoni, kile cha Kikongo chenye mahadhi yake. Mama mmoja muuza samaki alipotusikia tukiuliza bei aliinua mikono, akasema, "Aksanti kwa kuja, mwana wa Mombasa! Hicho Kiswahili chako ni cha vitabu." Akatuongezea kibaba kizima cha sambaza, samaki wadogo mfano wa dagaa, walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Usiku tuliwaona wavuvi wao kwa mbali: mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka majini, na nyimbo za kupigia kasia zikisafiri hadi ufukweni.

Kiswahili kiliingia Rwanda pamoja na wafanyabiashara na askari waliotoka pwani, zama za Wajerumani, na wengi wao walikuwa Waislamu. Ndiyo maana kwa miaka mingi neno "Mswahili" huko lilikuwa karibu sawa na kusema Mwislamu, na si kila mara lilisemwa kwa heshima. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi. Katika msikiti tulioswali Magharibi, wazee walituweka kati, kila mmoja akitaka kusikia neno la pwani alilolisikia kwa babu yake.

Yaliyotokea juu ya ziwa

Kutoka Rubavu hadi Karongi ni karibu kilomita 100 za barabara inayoufuata mwambao. Kila kona ina ghuba mpya, mashamba ya chai, na watoto wanaopunga mikono. Karibu na Karongi mtambo unaelea juu ya maji, ukivuta gesi ya methani iliyoyeyuka kilindini, ambayo hugeuzwa kuwa umeme wa megawati 26.

Juu ya mji huo viko vilima vya Bisesero. Mwaka 1994, katika siku 100 hivi, mamia ya maelfu ya Watutsi waliuawa Rwanda, wengi kwa mikono ya majirani. Bisesero watu walikusanyika wakajitetea kwa mawe na mikuki kwa wiki kadhaa, hadi wengi wao wakamalizwa. Leo kuna kumbukumbu iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2023 pamoja na nyingine tatu. Tulisimama pale, upepo ukivuma na ziwa likionekana chini, zuri vilevile kama siku zote.

Historia ya mwaka ule inawataja pia Waislamu wa Rwanda. Wapo walioshiriki katika maovu, na haki haituruhusu kuwaficha. Lakini walio wengi walikataa, wakawaficha majirani zao majumbani na misikitini, baadhi yao wakahatarisha roho zao. Mzee mmoja pale Rubavu, tulipomuuliza ilikuwaje, hakutaka kusimulia. Alisema tu, "Alibisha hodi. Ningemwambia nini?"

La kuchukua nyumbani

Nchi ile imetufunza kwamba ukarimu hauoti wenyewe kama majani baada ya mvua. Vilima vilevile vimemwona binti akiachwa kisiwani na mgonjwa wa ukoma akipokewa. Vimemwona jirani akiua na jirani akificha. Kila aliyetupokea njiani aliamua kutupokea. Yule mama wa mbatata angeweza kwenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Dini yetu imempa mgeni haki ya siku tatu, na jirani haki isiyokuwa na mwisho. Watoto huzijifunza haki hizo kwa kutazama: nani anafunguliwa mlango nyumbani kwao, nani anaachwa nje, na jina la nani halitajwi mezani. Tunawaomba wazazi waanze hapo.

Dada zetu watauliza kuhusu mwanamke kusafiri peke yake. Suala hilo lina hukumu zake, na kila familia na iwaulize masheikh wake. Kwa familia nzima, njia hii ina utulivu wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti, samaki na maharage hupatikana kila mahali, na watoto hawatasahau ndege wa Bunyonyi. Watakaokwenda, wabebe sweta, subira na salamu nyingi. Wasiokwenda, wajue kwamba madereva na utingo kutoka milima ile hulala Changamwe kila usiku, na wengine lori zao zimeharibika.