Kuvuja Mkojo baada ya Uzazi Kuna Tiba

Mama anayevuja mkojo baada ya kujifungua hajarogwa, wala si mchafu. Uchungu unapodumu mno, kichwa cha mtoto hubana nyama za njia ya uzazi hadi zikafa, tundu likafunguka kati ya kibofu na uke. Hiyo ndiyo fistula. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, huitibu bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa. Aliyeko Horohoro aanzie zahanati, apewe rufaa.

Wengine huvuja wanapokohoa au kucheka tu. Aghalabu hao hawana tundu. Misuli ya nyonga imelegea, kama inavyoweza kubaki dhaifu hata baada ya upasuaji wa fistula. Dawa yake ni mazoezi: mama hubana misuli ile izuiayo mkojo, huhesabu hadi tano, huilegeza, hurudia, kila siku kwa miezi kadhaa. Hakuna amwonaye, hata akiwa ameketi mkekani na wageni. Aliyepasuliwa asubiri kwanza ruhusa ya mtaalamu.

Mazoezi hayo huharibiwa na ndoo ya maji kichwani. Basi maji na kuni wavichukue wengine nyumbani, mume akiwemo, naye asimwingilie mkewe hadi daktari aruhusu. Mimba ijayo iwahishwe kliniki, na uzazi uwe hospitalini.