Saini pekee haimfanyi mwanafunzi kuwa mhasibu

KUSAINI fomu ya mwanafunzi aliyemaliza mafunzo kwa vitendo ni kazi ya dakika moja. Kujua kama kweli ameiva katika uhasibu ni kazi ya wiki nyingi, na huanza siku ile anapopokewa ofisini.

Suala hili linawagusa wakazi wa Dar es Salaam kwa karibu. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanzishwa mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichoanzishwa mwaka 1972, vyote vipo katikati ya jiji, si mbali na Kariakoo. Mwanafunzi anayepokewa leo katika ofisi ya Posta ndiye huenda kesho akaandaa hesabu za mwenye duka wa Mtaa wa Kongo au Msimbazi.

Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, nayo ndiyo inayosimamia mitihani na usajili wa taaluma hiyo nchini. Katika ngazi ya kimataifa, viwango vya elimu ya wahasibu vinataka uzoefu wa kazi upatikane chini ya msimamizi mwenye ujuzi, na kumbukumbu zake ziwekwe kwa namna inayoweza kuhakikiwa. Viwango hivyo viliporekebishwa na kuanza kutumika mwaka 2015, viliruhusu uzoefu upimwe kwa kile ambacho mtu anaweza kukifanya, na si kwa kuhesabu miaka peke yake.

Je, uwezo huo unapimwaje? Tuchukue mfano wa kazi ambayo kila mwanafunzi hupewa, yaani kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki.

Tuseme daftari la duka linaonyesha salio la Sh 4,850,000, wakati benki inaonyesha Sh 5,300,000. Mwanafunzi makini atagundua kuwa hundi ya Sh 500,000 aliyopewa msambazaji bado haijapelekwa benki, na kwamba makato ya benki ya Sh 50,000 hayajaandikwa daftarini. Akirekebisha pande zote mbili, salio sahihi ni Sh 4,800,000.

Mwanafunzi mwingine anaweza kulazimisha hesabu zilingane kwa kuandika tofauti yote ya Sh 450,000 kama mapato mengineyo. Kwenye karatasi, kazi zote mbili zimelingana. Msimamizi anayetazama mstari wa mwisho tu atawapa alama sawa, ilhali mmoja wao ameingiza katika vitabu mapato ambayo hayapo.

Kwa sababu hiyo, tathmini ya kweli hudai ushahidi. Msimamizi huuliza: hundi hii ni namba ngapi, ilitolewa lini, na mbona bado haijapelekwa benki? Mwanafunzi aonyeshe hati, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Vivyo hivyo, daftari lake la kila siku lisiandikwe “nilifanya kazi za ofisi”, bali litaje kazi gani, nyaraka zipi na kosa gani lilisahihishwa.

Aidha, kulea na kupima ni majukumu mawili tofauti. Mlezi humwelekeza mwanafunzi na kumruhusu aulize hata swali linaloonekana dogo. Mpimaji huamua kama amefikia kiwango. Inapowezekana, kazi hizo zifanywe na watu wawili. Pale ofisi inapokuwa ndogo, msimamizi mmoja atenge siku za kufundisha na siku za kupima, na mwanafunzi azijue mapema.

Lililo muhimu zaidi ni kutosubiri wiki ya mwisho. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mwanafunzi anayeambiwa kosa lake katika wiki ya pili ana muda wa kulirekebisha. Anayeambiwa siku ya kuaga huondoka nalo.

Gharama ya kosa hilo hulipwa na mtu mwingine. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani hawezi kudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi kwa karatasi ya kuandikwa kwa mkono. Anahitaji risiti ya mashine ya EFD. Karani asiyefundishwa tofauti hiyo atamtia mwajiri wake hasarani bila kukusudia. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024 wakilalamikia masuala ya kodi. Malalamiko hayo yalikuwa na sababu nyingi, lakini mwenye duka anayebishana juu ya makadirio ya kodi huanza kuulizwa vitabu vyake.

Kwa hiyo, ofisi inayompa mwanafunzi kazi ya fotokopi na chai kwa wiki nane, kisha ikamjazia alama za juu, haijamfanyia hisani. Imempa cheti cha kazi asiyoijua, na imemwachia mteja wa kesho mzigo wa kumfundisha.