Mjomba, Mji Upi Ulio Salama?

Ukitoka Segera kuelekea Korogwe, utaipita Makuyuni kabla hujauona mji. Si ile Makuyuni ya Monduli, ambapo magari ya watalii hukata njia kwenda Ngorongoro. Ile ina wenyewe wa kuisimulia. Hii ni Makuyuni ya Mkoa wa Tanga, jirani na Handeni, katika nchi ya Wazigua na Wasambaa. Kwa abiria ni kibao kando ya lami. Lakini kwa wenyeji barabara hiyo ndiyo dirisha la kutazamia miji yote: magari ya Dar es Salaam hupita, ya Moshi na Arusha hupita, na ya Tanga huteremka hadi Segera ndipo yakashika njia ya mashariki. Mtoto wa Makuyuni huijua miji kwa maandishi ya mbele ya mabasi kabla hajaisoma katika ramani.

Binti wa dada yangu amehitimu ufundi cherehani. Sehemu tatu zilimwita kazini. Dar es Salaam, ambako shangazi yake anaishi Mbagala na alikuwa tayari kumlaza bure. Tanga, kwa mama mmoja mwenye duka la ushonaji Ngamiani. Na Dodoma, kwa msichana waliyesoma pamoja. Kikao cha ukoo kikaitishwa, nami nikaitwa kwa kuwa ni mjomba, na kwa kuwa nimekula chumvi ya mijini zaidi ya miaka thelathini. Dada yangu hakuuliza habari za mshahara. Alisema anataka mji ambao mwanawe atatoka asubuhi na kurudi jioni akiwa mzima. Binti naye akanigeukia: "Mjomba, mji upi ulio salama?"

Nilidhani nitajibu kabla chai haijapoa. Sikuweza.

Kila mwaka majarida ya Ulaya hutoa orodha ya miji inayofaa kuishi, na Vienna, mji mkuu wa Austria, umekaa kileleni mara nyingi. Wapimaji hutazama hospitali, shule, usafiri na uhalifu. Ni vipimo vyema, ila vimetungwa kwa ajili ya mtu ambaye kampuni yake itamlipia nyumba. Fundi cherehani anayefika na begi moja hana mahali katika orodha hiyo. Kadhalika orodha huuhesabu mji kama kitu kimoja, ilhali anayekaa Upanga na anayekaa Vingunguti wana Dar es Salaam mbili tofauti.

Kabla ya kuilaumu miji, haki yatutaka tukiangalie kijiji nacho. Wako watakaosema, "Mwacheni abaki nyumbani, hapa kuna amani." Amani ipo. Lakini mwaka 2003 watafiti waliopima watoto na vijana katika vijiji vya bonde la Korogwe walikuta wapatao 78 katika kila 100 wana vijidudu vya malaria damuni. Mwaka 2008 idadi ilikuwa imeshuka hadi 13, baada ya vyandarua na dawa bora. Korogwe hiyo hiyo ilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, na watoto wetu ndio waliotoa mikono ikachomwa sindano. Hata hivyo, upimaji wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wachanga na wadogo wapatao 8 katika kila 100 nchini bado walikuwa na vijidudu hivyo. Na habari za maji, jirani zetu wa Handeni wanazijua: mradi mkubwa wa kuwapelekea maji ya mto Pangani ulijengwa katika miaka ya 1970, na vizazi viwili vimekua vikisubiri bomba litoe bila kukatika.

Tena iko hatari nyingine isiyo ya mji wala ya kijiji, nayo hupita mlangoni kwetu usiku na mchana. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, Coaster iliyobeba maiti na wafiwa kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na lori huko Magira Gereza, wilayani Korogwe. Watu 17 walitangazwa kufa, wengi wao wa ukoo mmoja. Tarehe 13 Januari 2025, upande wa Segera, lori liliwaparamia watu waliokusanyika penye ajali nyingine, 11 wakafa. Mabasi ya abiria, ambayo kwa takriban miaka thelathini yalikatazwa kusafiri usiku kucha, yaliruhusiwa tena tangu Oktoba 2023. Kwa hiyo nilipoulizwa mji upi ulio salama, jambo la kwanza nililosema ni kwamba, uendako kokote, panda basi la asubuhi.

Tuanze na Tanga, maana ndiko nilikokuwa kijana na ndiko moyo wangu ulikoelekea. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Tanga na watu zaidi ya 60,000. Ilikuwa mji wa pili wa Bara, Mwanza ikiwa nyuma kwa mbali. Mkonge ulikuwa fedha. Kisha bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakaota magugu, na viwanda kadhaa vikafunga milango. Mwaka 2022 Tanga ilikuwa na watu wapatao 393,000, na miji mingine imekwisha kuipita. Wanaosikitikia hali hiyo wana haki. Lakini tazama faida iliyofichika ndani ya hasara: mji ambao haukuvamiwa haukupoteza mpango wake. Mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa nambari, Barabara ya Kwanza, ya Pili, hata kupita ya Ishirini, hivi kwamba mgeni hawezi kupotea. Watu huendesha baiskeli, na mama mzima hupanda baiskeli kwenda sokoni bila kuchekwa. Maji hutoka katika bwawa la Mabayani juu ya mto Zigi, na mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya zaidi ya shilingi bilioni 53 ili kupanua huduma. Hospitali ya Bombo iko karibu.

Nikawaeleza haya kwa ufasaha wote nilio nao. Binti akasikiliza, kisha akasema yule mama wa Ngamiani amemwambia wazi: kazi hujaa Januari shule zifunguliwapo na wiki tatu kabla ya Idi; miezi mingine cherehani hufunikwa kitambaa. Bandari imechimbwa kina na bomba la mafuta kutoka Uganda, lenye urefu wa kilometa 1,443, limeelekezwa Chongoleani. "Lakini mjomba," akasema, "bomba halishoni nguo." Sikuwa na la kumjibu.

Dodoma nitaipita upesi, kwa sababu kikaoni nayo ilipita upesi. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia huko makao makuu. Serikali ilihama kwa kishindo kuanzia mwaka 2016, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao 765,000 katika jiji. Viwanja vimepimwa, barabara ni pana, mbu ni wachache kuliko kwetu, na tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme huunganisha Dodoma na Dar es Salaam. Kazi ya kushona sare haikosekani penye ofisi nyingi na chuo kikuu. Ila maji ni ya kusubiri, upepo una vumbi, na juu ya yote dada yangu aliuliza swali moja tu: "Akiugua usiku, atamgongea nani?" Kimya kikatanda. Ukoo wetu hauna mtu Dodoma. Na hilo lilitosha.

Ikabaki Dar es Salaam, mji ambao kila mtu huuogopa na kila mtu huuendea. Mwaka 1967 ulikuwa na watu wasiozidi 273,000. Mwaka 2022 mkoa mzima ulihesabiwa kuwa na 5,383,728, yaani takriban mara ishirini. Serikali ilijaribu njia mbalimbali za kuukabili wingi huo. Katika miaka ya 1970 vilipimwa viwanja vya Sinza na Kijitonyama, na Manzese ikatiwa barabara na maji badala ya kubomolewa. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, watu wasio na kazi ya kutambulika wakakamatwa na kurudishwa vijijini. Niliwaona wakipandishwa magari, na wengine nikawaona tena mjini kabla ya mavuno.

Dada yangu alikuwa na orodha yake ya hofu, na haikuwa ya kubuni. Aliwataja vijana wa mapanga waitwao Panya Road, walioutia mji hofu mwaka 2015 na tena mwaka 2022. Akataja mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 mabondeni. Alitaja milipuko ya maghala ya silaha, Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Akamalizia na Kariakoo: soko lililoungua tarehe 10 Julai 2021, na ghorofa lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi watu wakiwa madukani, likaua zaidi ya 20.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sijapata kuwasimulia. Mwaka wangu wa kwanza Dar es Salaam nilifanya kazi katika kiwanda kimoja Barabara ya Pugu, zamu ikiisha saa nne usiku. Nilikuwa nimepanga mbali, kwa sababu chumba cha mbali kilikuwa rahisi. Basi la mwisho lilikuwa la bahati nasibu. Mara mbili katika mwaka huo vibaka waliniondolea mshahara wote njiani, na mara ya pili nilifika nyumbani bila viatu. Sikuandika barua kwetu. Mwaka wa pili nikahamia chumba kibovu zaidi, ghali zaidi, lakini umbali wa robo saa kutoka kiwandani, nacho kiwanda kilikuwa kile kile, na mji ule ule, na wezi bila shaka wale wale. Sikuguswa tena.

Tangu siku hiyo ya kikao nimekuwa nikiwaza kwamba sisi wa mitaani tunaupima mji kwa kipimo kisicho chake. Tunauliza: je, Dar ina wezi? Twapaswa kuuliza ni saa ngapi za giza zilizopo kati ya kazi na kitanda cha mtu huyu. Vienna wenyewe, ukiondoa sifa za majarida, walianza kwa jambo hilo: tangu miaka ya 1920 halmashauri ya mji ilijenga nyumba za wafanyakazi ndani ya mji, na hata leo karibu nusu ya wakazi wake wamo katika nyumba za kodi nafuu. Nasi tulionja kidogo. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda Magomeni likajenga nyumba. Na mwaka 2022 familia 644 za Magomeni Kota zilirudishwa katika majengo mapya pale pale zilipokuwa, hazikutupwa pembezoni. Familia 644 katika mji wa milioni tano! Lakini ziulizeni kama zingekubali kubadilishana na kiwanja cha bure maili ishirini nje ya mji.

Binti akanisikiliza, akachukua daftari la vipimo vya nguo, akaandika maswali ya kumpigia kila mmoja simu. Kutoka chumbani hadi kazini ni mwendo wa dakika ngapi kwa miguu? Maji hutoka siku zipi, na choo ni cha nyumba ngapi? Nani atafungua mlango nikichelewa? Na kwa Dar akaongeza: karakana iko ghorofa ya ngapi?

Majibu yalivuruga kikao. Karakana ya Dar iko Kariakoo, katika nyumba ya chini, na kazi ipo mwaka mzima. Kwa shangazi Mbagala kulala ni bure, lakini jioni za foleni humaanisha saa mbili barabarani, na kutoka kituoni hadi nyumbani kuna uchochoro usio na taa. Binti akasema atakwenda Dar, ila hatalala Mbagala. Atapanga Ilala na wasichana wawili mafundi wenzake, hata kama chumba kitakula karibu nusu ya mapato yake.

Dada yangu akalia. Kwake kulikataa paa la ndugu ni aibu, na kulilipia la mgeni ni upumbavu. Shangazi mtu alipopata habari alinipigia simu mimi. "Shemeji," akasema, "umemfundisha mtoto kuwa nyumba yangu haifai." Nilijaribu kumweleza habari za uchochoro na saa. Akasema yeye ameupita uchochoro huo miaka kumi na tisa. Ni kweli, na hajapata kutueleza ameupitaje.

Jumatatu alfajiri tulisimama kando ya lami, mimi, dada yangu, na cherehani iliyofungwa kwa kamba ya katani. Mama alimtilia machungwa kwenye begi, akamwambia asishuke Chalinze kununua chochote. Basi likaja jua likiwa limekwisha kutoka.

Saa kumi na mbili jioni simu yangu ikalia. Alikuwa ameiacha mizigo Ilala na kwenda hadi karakana na kurudi, kabla ya kula.

"Dakika ishirini na tatu, mjomba," akasema. "Na taa zipo, isipokuwa penye daraja."